Nusu ya Ini

Miaka arubaini Shekuwe alikuwa akinikata maini
kwa neno moja tu, "Mke ni mke,"
akilitema barazani Kuze pamoja na kokwa za tende.
Jumatatu Daktari Mwakio alinikata kwa kisu cha kweli.
Nusu ikabaki kwangu,
nusu ikavuka pazia, ikalala ubavuni mwake.

Jana ililetwa karatasi ya damu.
Langu lamea, asema daktari, kama mchicha uliochumwa;
na lake pia. Halafu akashusha sauti:
katika mwili wa mwanamume, ini likianza kumea upya,
homoni ya kiume hushuka,
ya kike hupanda,
kana kwamba damu yenyewe
imekwenda kwa jirani kuomba moto.

"Itarudi?" Shekuwe akauliza, shuka kidevuni.
Itarudi, kaka. Wiki chache tu.

Usiku umeme ukapotea Makadara yote,
feni ya wodi ikasita.
Nikamsikia ng'ambo ya pazia:
"Mwanamkuu, walala?"

Hajawahi kuniuliza.
Nikaugusa mshono wangu. Ulikuwa wa moto.
Nikasema silali.