Huenda Haitakiwi

Kompyuta ya Bi Žofia haikusema virusi.
Ingekuwa virusi, kazi yangu ingekuwa nyepesi:
unafuta, unaandika risiti, unashuka ngazi.
Ilisema, kwa manjano, wala si kwa nyekundu:
programu tatu, huenda hazitakiwi.

"Huenda?" Akavaa miwani.
"Miaka thelathini na mmoja nimekagua nyama
kwenye machinjio ya hapa Košice.
Nyama ni nzima au imeoza.
Sikuwahi kuwa na muhuri wa huenda."

Ghorofa ya saba. Februari imeganda kwenye kioo.
Kipasha joto kinakohoa, keki ya mbegu za mpopi
imekatwa vipande vinene kuliko tulivyo watu.

Ya kwanza ilikuwa upau wa kutafutia,
umedandia mgongoni mwa mchezo wa karata.
Nikamweleza: hodi ilipigwa, mama,
ila ilipigwa kwa kucha,
kwa maandishi madogo kama mayai ya chawa,
na kisanduku cha ndiyo kimeshatiwa tiki
na mkono usio wako.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu ana miaka mitano, na jembe hajaliona.
"Mtoe," akasema.

Ya pili ilijiita mganga.
Kila asubuhi ilihesabu magonjwa mia nane na kumi na manne,
ikafungua duka la dawa katikati ya kioo.
Ugonjwa ulikuwa yenyewe.
"Ulipata kuilipa?"
Akaichokoa keki kwa uma.
"Mara mbili," akasema, na sikuuliza kiasi gani.

Ya tatu haikuwa na sura wala jina la maana.
Haiuzi kitu, haihesabu kitu.
Inaketi tu kizingitini, ufunguo mkononi,
ikimngoja mtu wa mbali aje aushike mshale.
"Hiyo ni ya Matúš," akasema upesi.
"Mwanangu. Yuko Ghent. Aliiweka mwenyewe
ili anitengenezee mambo akiwa hukohuko."

Kisha, taratibu, kama mtu anayetaja ugonjwa wa siri:
"Zamani, nikiwa nasoma habari, mshale ulikuwa ukitembea peke yake.
Unachora duara. Unachora jingine.
Hapo najua ananisalimu."

Nikasema nilichofunzwa kusema.
Kwamba mlango wa mwana ni mlango vilevile,
kwamba toleo lake limezeeka, kitasa kimelegea,
na mwizi haulizi nani alimwachia wazi.
Akauliza, "Mara ya mwisho umefunguliwa lini?"
Kumbukumbu ilikuwepo, mstari mmoja, tarehe na saa.
Ningeweza kusema sijui.
"Mwezi wa tatu," nikasema. "Mwaka juzi."

Akachukua simu. Iliita muda mrefu.
Sikuelewa yote; upande wa pili mashine za ghala zilinguruma.
Nilisikia tu sauti ya kiume, isiyo na ubaya wowote:
"Mama, ile? Si ulishaifuta?"

Akaweka simu kifudifudi kando ya sahani.
"Bwana Ctibor, iondoe."
Nikabonyeza. Kompyuta, kama desturi yake,
ikauliza: una uhakika?

Hapo alinitoa kipanya mkononi.
Mkono wake ulikuwa mkavu, una nguvu ya visu.
Akachora duara juu ya kioo, polepole,
akachora jingine, bovu kidogo, halikufunga,
akabonyeza ndiyo.

Niliandika risiti: programu tatu, dakika arobaini.
Dakika ishirini za keki sikuzitoza.
Kioo kikageuka kijani, kikatangaza
kwamba humu hakuna tena kisichotakiwa.

Bi Žofia akavua miwani, akaifuta kwa pindo la aproni.
"Na hiyo," akasema, "imejuaje?"