Lugha ya Kumi na Nane

Wamempandikiza mama sauti, Ghala,
ghorofa ya tatu, chumba chenye baridi ya bucha.
Kitu chembamba mfano wa ukucha wa mtoto,
nyuma ya sikio la kushoto, pale kiharusi kilipopita
kikabeba maneno yote na kufunga mlango.
Mhandisi Shihab akagonga kioo kwa kidole:
"Sasa yeye atafikiri, na kifaa kitasema."

Kikasema.
Kiarabu cha msomaji wa taarifa ya habari,
dhadi imekaa pake, ayni inatoka kooni safi,
kupitia kisahani kilichobandikwa juu ya mtulinga:
*Nahitaji maji, tafadhali.*

Ndugu yangu Mundhir akalia kwa furaha.
Mie nikamtazama mama.
Mama hajapata kuhitaji maji maisha yake yote.
Mama hukaukwa na roho.
Mama husema, hebu niokoeni na kiu hii,
na ukichelewa anauliza alizaa watu au alizaa magogo.

Miaka hamsini na kitu nyuma, dirishani kwa maafisa, Matrah,
alisimama na bahasha ya vyeti na mimba ya Mundhir.
Akaulizwa kabila. Akataja. Akaulizwa tena,
maana kha yake ilikuwa ha, na ulimi haufichiki.
Mpaka uzeeni, wauza bizari wa Seeb
walimsikia neno moja tu, wakatabasamu: Zinjibari.
Leo mashine imemsafisha.
Hapana tena wa kumuuliza katoka wapi.
Imebidi afunguliwe fuvu ndipo awe wa hapa.

"Lugha kumi na saba," anasema Shihab, akiteremsha orodha.
Natafuta. Kikorea kipo. Kidenishi kipo.
"Kiswahili mwakani, inshallah, kikipata wateja."

Mundhir naye ana jicho la kununua.
Hulilipia benki kila tarehe ishirini na tano,
na usiku, Duqm, huona bomba linalovuja kabla halijavuja.
Anasema mwili huu ni jaribio la kwanza tu,
wajukuu zetu hawatazeeka.
Nikamuuliza nani atakaa nao karibu na kitanda.
Akasema hakutakuwa na kitanda.
Na Mwanahawa wa Tanga, anayemgeuza mama ubavu kwa ubavu,
mgongo wake umekwisha,
kadi yake ya kazi haimpi haki hata ya miwani.

Fikra za mama hupita kiooni kwa mistari:
buluu, kilichofahamika;
nyekundu, kisichofahamika.
Nyekundu ni arubaini na moja kwa mia.
"Kelele," anasema Shihab, "usijali."
Lakini saa nane za usiku nyekundu hupanda kama maziwa jikoni,
na Mwanahawa akimsimulia bei ya vitunguu
hupanda mpaka ikapiga dari.
Nasogeza uso karibu.
Humo ndani mna jina langu, lile la kunigombeza,
mna maiti wetu wote kwa majina yao ya nyumbani,
na mie mwanawe siwezi kusoma hata herufi.

Fomu ina kurasa kumi na moja.
Ukurasa wa tisa:
*ishara zisizotambulika ni mali ya mtoa huduma.*
"Tia saini tu," anasema Shihab, kijana mwema, macho yamechoka,
"kitajifunza kwake. Atakuwa mwalimu wa kwanza."
Kitajifunza. Kisha kitaniuzia matusi ya mama yangu
kwa malipo ya kila mwezi.

Nikamsomea mama ukurasa ule, taratibu, kwa lugha yetu.
Akaitazama karatasi. Akamtazama Shihab.
Akaitazama kalamu, nzuri, ya dhahabu.
Midomo ikabana upande uliobaki mzima,
hewa ikavutwa menoni, ndefu, yenye mate,
msonyo uliovuka bahari bila cheti.

Kisahani kikanyamaza.
Kioo kikaandika: *kelele za nje.*

Mwanahawa alicheka mpaka akashika ukuta.
Kalamu ingali mkononi mwangu.