Alama za Mkaa

Kwetu Kilembe jina ni hesabu:
Masika wa kwanza, Biira wa pili,
mimi Kabugho, binti wa tatu.
Ukiitwa, watu wanajua ulivyofuatana tumboni,
hawajui ulichopewa humo.

Nilipewa nusu na baba, nusu na mama.
Kila mmoja aliibeba nusu yake miaka yote,
akilima kahawa, akicheza harusini,
bila hata goti kumuuma.
Nusu mbili zilipokutana ndipo zikawa deni,
na ankara ikaletwa kwangu.

Magoti yalianza kugombana.
Kifua kikatokeza kama cha njiwa.
Nilipofika miaka saba nikaacha kurefuka,
kimyakimya, kama redio inayoishiwa betri
huku wenye nyumba wakiendelea na mazungumzo.

Bibi alisema ni mto:
Nyamwamba ulipofurika na kushusha mawe,
mama aliuvuka na mimba yangu bila kuusalimu.
Mchungaji alisema ni dhambi, hakutaja ya nani.
Mganga alitaka mbuzi.
Mbuzi akaenda, mgongo ukabaki.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa
Mulago waliponipa jina la pili, refu, la kigeni.
Daktari Nakibinge alilitamka mara moja, akaliweka kando.
"Mwilini mwako kuna mfagiaji mmoja hakuzaliwa.
Kila siku takataka za sukari zinaachwa palepale:
kwenye mifupa, kwenye mboni, kwenye vali za moyo.
Hujarogwa. Ni nyumba tu isiyofagiliwa."
Nikalia kwa furaha.
Mama, aliyekuwa ameshika viatu vyangu,
akadhani nimehukumiwa.

Dawa ipo, alisema, nchi za mbali,
ya kudungwa kila wiki, maisha yote.
Akataja bei.
Mimi ni mtu wa kibanda cha pesa za simu, sifuri nazijua;
zile zilinipita kama mabehewa ya shaba ya enzi za babu,
moja, jingine, jingine,
na reli yenyewe imeshaota nyasi.

Usibebe kitu kichwani, aliandika,
mfupa wa shingo umelegea.
Basi nikawa msichana aendaye bombani mikono mitupu,
Biira akibeba dumu lake, kisha akirudia langu.
Wanawake walinyamaza nikipita.
Dumu lina lita ishirini.
Kimya kile sijui nani angekipima.

Halafu Muhindo.
Ndivyo tunavyomwita mvulana anayekuja baada ya wasichana watupu,
yaani mambo yamegeuka.
Hayakugeuka.
Nilikuwa wa kwanza kuliona goti lake,
nikaficha siku tatu nilichokiona,
kana kwamba mimi ndiye niliyemwambukiza.

Sasa ana miaka kumi na mmoja, ananisoma
kama mtu asomaye barua aliyoandikiwa mwenzake
akijua yake iko njiani.
Nikishika ukuta, anahesabu.
Nikisogeza simu karibu na macho, anauliza:
"Ukungu huo ulianza lini?"
Namwambia ni mawingu ya Rwenzori, yanashuka, yanapanda.
Hacheki.
"Nilikuuliza lini."
"Ishirini na mbili," nikasema.
Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kwa ajili ya shingo,
akaendelea kumenya ndizi.

Kwenye fremu ya mlango kuna alama za mkaa.
Za Masika zinapanda hadi kwenye komeo.
Zangu zimesongamana chini, moja juu ya nyingine,
mpaka zimekuwa doa.
Jana Muhindo alidai apimwe.
Akavua kandambili, akabana visigino,
akavuta pumzi mpaka njiwa wa kifuani akanyanyuka.
Nikachora.
Mstari mpya ukakaa chini ya ule wa Pasaka,
upana wa kidole.

Nilisimama na mkaa mkononi,
nikitafuta uongo wenye heshima.
Yeye akageuka, akatazama, akapapasa mbao.
"Kabugho," akasema,
"mlango umekua."

Na kwa kuwa ulikuwa umekua kweli,
tukamwita mama aje auone.