Mkutano wa Konokono

Julai, Lang'ata, na jua limekwenda likizo.
Tumepanga matela yetu uani kwa Wambeti,
saba, pua kwa mkia, kama ng'ombe wa josho,
na mbwa wa jirani hajanyamaza tangu saa nne.

Jina la chama ni Konokono. Lilitoka kwa Njagi,
aliyesema mwenye kubeba nyumba haombi malazi.
Mimi ni mweka hazina: nimekuja na kitabu cha risiti
na sufuria ya githeri ambayo hakuna aliyeiagiza.

Leo hatuendi popote. Hili ni geni kwetu.
Harjit kaja na spana zake, kwa mazoea,
amelala chini ya tela lisilo na kasoro
akitafuta kasoro.
Naserian anakata vitunguu, anavisingizia vitunguu.
Odera anageuza nyama na kusimulia tena
alivyovuka mchanga wa Chalbi bila dira,
na mchanga huo, kila mwaka, unazidi kupanuka.

Tela la Njagi liko mwisho, chini ya turubai.
Tangu Novemba halijafunguliwa.
Wambeti ametuita tumsaidie kuliosha,
saa tisa anakuja mnunuzi.

Tukavua turubai. Buibui wakahama bila notisi.
Ndani: vikombe sita vya bati kwenye kulabu,
slipa moja, ya kushoto,
harufu ya mafuta ya taa na majani ya chai,
na droo iliyogoma hata Harjit alipoibembeleza,
mpaka Wambeti alipoipiga teke palepale
alipozoea kuipiga mumewe.

Humo tukalikuta daftari la safari.
Kilomita, dizeli, bei ya mbuzi Laisamis,
na pembeni, kwa penseli, hukumu zake:
"Loiyangalani. Upepo umechukua hema la Odera.
Odera amemlaumu kila mtu isipokuwa Odera."
"Magadi. Joto. Mweka hazina anakoroma kwa sauti mbili."
"Nanyuki. W. amekataa tuendeshe gizani. Yuko sahihi. Sijamwambia."

Naserian ndiye aliyekuwa akisoma. Akanyamaza.
Tulisikia nyama ikiungua, na hakuna aliyekwenda.
"Soma tena," Wambeti akasema, "hilo la mwisho."
Akalisoma. "Tena." Akalisoma.
"Miaka thelathini na mmoja," akasema,
"halafu ananiambia kwa penseli."
Akacheka mpaka akakaa chini.

Mvua ikaja, ile nyembamba isiyo na haya,
tukajibana humo ndani watu tisa
penye vitanda vinne, goti kwa kiwiko,
githeri yangu ikapita mkono kwa mkono;
ghafla kila mtu alikuwa ameiagiza.

Mnunuzi akatukuta hivyo. Kijana, Kimeu, buti za tope,
futi kamba shingoni kama daktari.
Anataka kibanda cha chipsi, Rongai,
mkabala na kituo cha mafuta.
Akapima ukuta, tukainua miguu.
Akapima dirisha, tukainamisha vichwa.
"Hapa nitakata," akasema, "pawe na kaunta."
Harjit akafumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

Bei ilijadiliwa juu ya githeri.
Wambeti hakushusha hata shilingi,
ila aliweka sharti: magurudumu yasitolewe.
"Litasimama tu, mama, haliendi kokote."
"Najua. Yaache."
Daftari kwapani, slipa mkononi.

Saa kumi na mbili likavutwa kuelekea lango,
taa moja ya nyuma ikiwaka, moja ikikataa.
Harjit akalikimbilia na balbu.
Nami nikafungua kitabu, nikaandika ipasavyo:
Waliohudhuria, tisa. Michango, imelipwa, isipokuwa Odera.
Mkutano ujao, Rongai, Jumamosi ya pili ya Agosti.
Kila mtu aje na njaa.