Buti Iko Wazi

Waliileta juu ya pikapu ya viazi kutoka Njoro,
imefungwa kamba za katani kama mbuzi wa mahari:
Fiati nyeupe, fupi,
unaegemeza kiwiko juu ya paa lake
bila kuinua bega.

Ubavuni, chini ya kutu, nge.
Mkia umekunjwa, wekundu wake umebaki nusu.
Vijana wangu wa gereji wakacheka,
"Madam, hii ni gari ama ni sufuria?"
Sikuwajibu. Mdharau mwiba
na afungue kwanza injini yake.

Mwenyewe, Jaswinder, aliirithi kwa mjomba
pamoja na deni la maji na paka wawili.
Anataka niing'oe injini, nitie ya Starleti,
"iende sokoni, irudi, basi."
Nikamwambia nitaangalia.
Kuangalia ni bure. Kugusa ndiko kuna bei.

Injini hukaa nyuma, mahali pa mzigo.
Ilizaliwa Torino na sisi mia sita;
mia nane na ushee ilipewa na watu
wenye njaa ya ushindi na pesa kidogo,
waliokwangua chuma mpaka kikasema.
Haya niliyajua kabla ya kujua kusoma.
Wenzangu walisimuliwa sungura na fisi,
mimi baba alinisimulia vigari vya nge
vikipanda milima ya kwao,
vikiyauma magari makubwa visigino,
na jinsi kimoja kilivyovuka bahari,
kikapanda treni Kilindini,
kikashuka Nakuru kikikohoa.

Kilikohoa kwa sababu ya hewa.
Hewa yetu huku juu ni nyepesi, haishibishi,
na kabureta ilizidi kumimina petroli
kana kwamba bado iko kwao.
Baba akaipunguza jeti. Akaziba, akatoboa, akaziba tena.
Kila jioni aling'oa plagi, akaisoma rangi:
nyeusi,
nyeusi,
nyeusi, Jumatano nzima,
halafu kahawia, ile ya chapati iliyoiva.

Kifuniko cha nyuma alikitegemeza kwa vyuma viwili
kikae juu, injini ipumue.
Kutoka Bondeni hadi uwanjani, mji mzima ulimwonea huruma:
"Dereva! Buti iko wazi!"
Wauza mahindi, makarani wa reli,
hata padri kwenye baiskeli.
"Asante," alisema baba, akapita.

Siku ya mbio, usukani ulikuwa wa mwenye gari.
Baba alikuwa na spana namba kumi na tatu
na saa ya kuazima.
Picha ya gazeti ilimkata upande wa kushoto;
kilichobaki ni kiwiko,
cheusi kwa oili, karibu na kikombe.
Mama alikitia fremu kiwiko hicho.

Leo nimefungua hedi.
Gasketi imeungua, valvu mbili zimekula,
na ndani, mahali macho ya mteja hayafiki,
mwandiko wa msumari:
Z. OSODO. MILI MOJA U NUSU. USIIKWANGUE TENA.

Nilikaa juu ya kreti ya soda.
Kijana mmoja akauliza kama nimeumia.
Nikamwambia anipe kitambaa, kisafi, si hicho.

Wiki tatu. Jaswinder alilalamikia bei,
akalipa nusu, akaniachia ufunguo niijaribu.
Njia ya Langalanga ina matuta,
ina mbuzi, ina vibanda vya mitumba,
na gia ya pili bado huingia kwa kubembelezwa.
Lakini baada ya kinu cha unga barabara hufunguka kidogo,
nikakanyaga,
na kile kitu cha nyuma kikaacha kukohoa
kikaanza kusema, kwa sauti kubwa kuliko umbo lake,
neno moja refu.

Mtoto mwenye mtungi wa maji akakimbia kando yangu:
"Mama! Mama! Buti iko wazi!"

"Asante," nikasema,
nikatoa kiwiko dirishani.