Faini ya Bakhita

Mlangoni pa maktaba ya Bombo nimebandika karatasi:
Chakula Hakiruhusiwi Ndani.
Karatasi yenyewe ina alama ya kidole cha mafuta,
na kidole ni changu.

Ningefanyaje? Zeituna Marjan ameweka jiko lake
hatua kumi na nne kutoka rafu ya Historia.
Saa tatu asubuhi gurusa ya kwanza inageuzwa,
saa nne katogo linatokota, ndizi na matumbo,
na ikifika saa tano hakuna msomaji, hata wa sheria,
asiyerudia ukurasa uleule mara tatu.
Kitunguu hakipigi hodi.

Jumamosi ndiyo siku yetu kubwa.
Watoto wa kambini na wa barabara ya Gulu
hukaa mkekani kusikiliza hadithi;
wengine, nasema kweli, husubiri hadithi iishe,
maana Zeituna huwagawia vipande vilivyoungua kingo.
Simlaumu mtu. Hata mimi nimejifunza
kuzisoma mbiombio sura za mwisho.

Jumamosi iliyopita akaja Sururu, yule wa bodaboda,
helmeti bado kichwani,
akaweka mezani mfuko mweusi wa nailoni.
Ndani, kitabu cha mapishi, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia.
"Mama alikiazima. Arobaini yake imepita juzi.
Nimekikuta kwenye pipa la unga."

Nikalitafuta daftari la zamani, la kabla yangu:
Bakhita Fadhlmula. Kurudisha: miaka kumi na moja nyuma.
Shilingi mia kwa kila siku. Nikapiga hesabu,
kazi ni kazi:
laki nne, elfu moja na mia tano.
Sururu akacheka kama mtu aliyetajiwa bei ya ndege.

Ukurasa wa bamia ulikuwa umegandana na wa maharage;
tukautenganisha kwa kisu cha Zeituna.
Na pembeni, kwa penseli,
Bakhita alikuwa akibishana na kitabu.
Uongo. Dakika kumi hazitoshi.
Pilipili hii ya wagonjwa?
Palipoandikwa siagi alikata, akaweka simsim.
Palipoandikwa watu wanne akaandika tisa,
kisha akafuta tisa: saba,
kisha tano,
na chini kabisa, penseli ikiwa butu,
mimi na Sururu.

Hapo Sururu akavua helmeti.

Kitabu ni cha maktaba, muhuri upo, hauna ubishi.
Lakini penseli ni ya nani?
Fotokopi tunayo; umeme ndio hatukuwa nao tangu alfajiri.
Basi Zeituna akanawa mikono hadi viwikoni,
akalivuka tangazo langu bila kulitazama,
akaketi mkekani, akaanza kuwasomea watoto
bamia, maharage, kisra, mchuzi wa mbuzi,
nao wakinakili, kila mmoja na karatasi yake,
chumvi ikiandikwa kwa namna tano tofauti.
Mastura, wa darasa la tatu, akainua mkono:
"Wale tisa walienda wapi?"

Tukasikia katogo likiungua nje.

Tulilila hivyohivyo, lina moshi, tumesimama,
Sururu na karatasi zake kifuani chini ya jaketi,
akisema mama angeturudisha wote jikoni.
Kitabu kimerudi rafuni. Nimekiweka chini,
mahali mtoto anapofikia.

Na ile laki nne, elfu moja na mia tano
bado imo daftarini, kwa wino mwekundu.
Sina mamlaka ya kuifuta. Hiyo ni kazi ya mkaguzi,
naye huja mara moja kwa mwaka,
kutoka mbali,
na mara zote hufika saa tano.