Ripoti ya Mashine Mbili

Waliziacha mezani pangu Jumatatu,
mbili, kama posa zilizogongana mlangoni.
Bwana Taufik akasema, "Mghoi, una wiki.
Ijumaa uniambie ninunue kumi za ipi."

Ya kwanza nyembamba, rangi ya fedha,
yafunguka kwa kidole kimoja.
Muuzaji wake alinukia udi,
akaisifu hadi nikaona haya kwa niaba yake:
betri saa kumi na nne,
na inakutambua uso kabla hujaiamkia.

Ya pili nyeusi, nene, pembe butu,
ukiitua mezani chai inatikisika.
Muuzaji wake hakusema mengi.
Aliidondosha sakafuni makusudi,
akaiokota, akaiwasha,
akaomba maji ya kunywa.

Mimi ni karani wa forodha, Shimanzi.
Karatasi za sifa sikuzisoma.
Nilitaka kujua mambo madogo:
kitufe kikimeza chembe ya mahamri, kitarudi?
Nikiipeleka uwanjani Kipevu saa saba,
jua limesimama juu ya mabati,
nitaona nambari za kontena
au nitaona paji langu la uso?

Ya fedha ilinionyesha paji.
Na kidevu, na chunusi yake.
Nyeusi ilionyesha nambari; hafifu, lakini nambari.

Jumanne ya fedha ilishinda, niseme haki.
Jedwali la mistari elfu tisa ililifungua
sijameza funda la kahawa.
Nyeusi ikazungusha kiduara chake,
feni ikalia kama mtambo wa kukamua miwa,
hata mlinzi akachungulia.

Jumatano stima ikapotea saa nne na nusu.
Meli iko gatini, nyaraka mwisho saa kumi na moja.
Zote mbili zimeshiba chaji.
Nikampa Mwanasha ya fedha, nikashika nyeusi.
Saa nane na robo ya fedha ikatuarifu, kwa adabu zote,
kwamba imechoka.
Saa nane na nusu ikalala
na fomu ya mteja tumboni.
Kumi na nne za muuzaji
ni nne za Mombasa.
Nyeusi ilifika. Dakika nane kabla ya wakati
nikabonyeza tuma,
na robo ya chaji bado imo.
Nikaipigapiga mgongoni kama punda.

Alhamisi nikaenda Mwembe Tayari kwa fundi Nyevu,
anayepokea kila kinachotufia ofisini.
Akanionyesha bodi moja, shaba imeota kijani.
"Hii ilikuwa na waranti ya miaka mitatu.
Chumvi haisomi waranti, dada.
Inaingia kwa tundu la feni,
inakaa kimya miezi minane, kisha inadai."
Basi ninunue ipi?
"Ile ambayo skrubu zake nazifikia.
Hizo nyembamba zimegandishwa kwa gundi.
Ikiugua sitaitibu, nitaipasua."

Ripoti niliiandika kwa ile yangu kuukuu,
miaka saba, bawaba moja imefungwa kwa utepe,
betri ilikufa mwaka juzi,
haibanduki ukutani: mbuzi wa Idi na kamba yake.
Kurasa mbili. Nyeusi, niliandika. Na sababu.

Bwana Taufik alisoma yote. Akakuna kidevu.
"Umeeleza vizuri. Lakini mteja akiingia
akute tofali hili mezani?"
Akanunua tisa za fedha.
Na nyeusi moja, "yako, kwa vile umeipenda."

Leo stima imepotea tena.
Wanakuja mmoja mmoja, flashi mkononi,
wanajipanga nyuma ya kiti changu.
Feni inalia.
Mimi sisemi kitu,
ila kitufe cha N kimeanza kukwama.